Saa Kumi na Moja Kamili

Zuzu, Dodoma
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Elisante,

Nakusalimu kwa upendo, na naomba barua hii ikukute mzima huko Kolo. Mimi sijambo kimwili. Watoto hawajambo, na Miriam sasa yuko kidato cha kwanza, amerefuka kunipita. Shemeji yako Respicius naye hajambo, ila hakunipa salamu zako kwa kuwa hajui kama nakuandikia, na sitaki kuanza barua hii kwa salamu za kutunga.

Kifua chako kinaendeleaje? Najua vumbi la kiangazi la huko, na najua ulirithi kifua cha baba. Usiache kufunga kitambaa puani ukipanda juu ya mabati kufunga sola za watu. Tabu, jirani yetu wa siku zote, ndiye aliyeniambia kwamba hiyo ndiyo kazi yako sasa, sola na simu, na kwamba wazee wa huko wanakuita fundi. Nilifurahi kusikia. Kisha nikaona aibu kwamba habari za mdogo wangu naletewa na jirani.

Zamani ulikuwa hukosi kuniamkia. Hata tukigombana ulikuwa unapita umenuna, unafika getini, unarudi mpaka mlangoni kusema shikamoo dada kwa sauti ya kununa hivyo hivyo, kisha unaenda zako. Sasa ni miaka mitatu sijaisikia. Siku ya mazishi ya mama, mwezi wa saba, nilikuona umesimama ng'ambo ya reli na begi lako begani. Nilikuona kabla ya wengine. Baba mkubwa Nathanaeli alipowatuma vijana waje kukuambia kwamba marehemu aliacha neno usishike jeneza lake, mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu siku ile havikuwa na kamba.

Uliondoka kabla ya udongo. Dumu la asali ulilomwachia Tabu ninalo. Sijalifungua.

Elisante, nakuandikia kuhusu ile karatasi niliyoisoma kwenye kikao baada ya msiba wa baba. Kwa sababu ya karatasi ile ulitoka kwenye nyumba hii, na mama ameingia kaburini bila kukuita tena mwanawe. Nataka uijue habari yote, lakini niache niieleze kwa mpangilio wangu mwenyewe, maana nikianzia mwisho nitaogopa na barua nitaichana. Tatu nimeshazichana.

Niko hapa nyumbani kwa wazee tangu Alhamisi, nafungasha vitu vya mama. Kipande cha waya wako wa redio bado kinaning'inia kwenye mwarobaini. Kile kingine Baba mkubwa alichokikata, mama alikuwa anaanikia nguo.

Nakumbuka siku uliyoileta ile kompyuta yako ndogo. Baba aliigeuzageuza kiganjani, akakuuliza kompyuta yenyewe iko wapi. Ukamwambia ndiyo hiyo. Akasema hicho ni kiberiti, na tangu siku hiyo hakikuwa na jina lingine. Akitoka kuoga jioni alikuwa anauliza kama kiberiti kimewaka, na kama leo kuna mtu yeyote wa maana aliyepiga hodi kutoka huko duniani.

Mimi shule yangu ni kidato cha nne na cherehani, lakini ulinieleza kwa uvumilivu mpaka nikaelewa. Ulisema ile redio yako ya kurushia ishara ina nguvu ndogo kuliko taa ya sebuleni, na kwamba ishara zinazofika Dodoma kutoka ng'ambo ya bahari zinakuwa zimechoka mno, sikio la mtu halisikii ila mvumo, kama uwele unaomwagwa kwenye ungo. Kiberiti ndicho kinachoweza kuokota maneno ndani ya mvumo ule. Na maneno yenyewe ni mafupi: jina la mtu la hewani, mahali alipo, na namba inayoonyesha amekusikia kwa kiasi gani. Nilikuuliza zaidi ya hapo mnaongea nini. Ukasema basi, inatosha, mtu amejua kwamba upo. Mama alicheka sana. Alisema sisi hapa tunajua kwamba upo na bado hatuli ugali mpaka tukuite mara nne.

Ukanieleza pia ugonjwa wa kiberiti, kwamba hakina saa yake chenyewe. Umeme ukikatika kinasahau, na kikiamka bila intaneti kinadhani ni siku ile ile na saa ile ile kilipozimwa, mpaka mtu akiambie. Na kazi ile ni ya kupokezana, robo dakika unatuma, robo dakika unasikiliza, dunia nzima kwa pamoja, hivyo kikipotea sekunde mbili tatu tu hakiokoti neno. Ndiyo maana ulikuwa unaipenda redio ya baba kwa ile milio yake ya saa. Baba alikuwa mtu wa reli, miaka thelathini ya kuishi kwa saa. Alikuwa haanzi kula mpaka mlio wa mwisho ulie, atazame mkono wake, aseme sawa, utafikiri redio ndiyo inayokaguliwa.

Sasa ile Jumanne, tarehe 17 Mei 2022. Nilikuwa nimelala hapa kwa sababu asubuhi mimi na mama tulikuwa na safari ya kwenda Haneti kwenye msiba wa upande wake. Umeme ulikatika jioni na upepo ukakuangushia waya. Kulipokaribia kupambazuka umeme ulikuwa umerudi, na wewe uko juu ya mwarobaini, tochi mdomoni, unafunga waya. Simu yako ilikuwa imekufa chaji, kwa hiyo kiberiti hakikuwa na pa kuulizia saa. Ukanipigia kelele kutoka mtini nikimbilie chumbani kwako, redio ya baba inakaribia kutoa saa. Ulisema maneno yote ya kuwekea saa umeshayaandika kwenye kioo cha kiberiti, imebaki saa yenyewe tu. Nijaze, na mlio wa mwisho ukilia nibonyeze. Kioo chenyewe ni kile chenye kona nyeusi iliyokufa tangu baba alipokiangushia kikombe. Baba naye akawa dirishani ananihimiza, bado dakika moja, bado nusu, utafikiri anaruhusu treni. Mtangazaji akasema itakuwa saa kumi na moja kamili alfajiri. Nikajaza. Mlio wa mwisho ukalia, nikabonyeza.

Ulishuka umechubuka kiwiko. Ulitazama maandishi yanavyoanza kuteremka kwenye kioo, ukasema dada umeipatia, haijapotea hata nusu sekunde. Nilikwenda jikoni na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Nikiwa nachochea moto nilikusikia chumbani unacheka peke yako. Sikuja kuuliza unachekea nini.

Saa moja mimi na mama tuliondoka. Mlango wako ulikuwa umefungwa. Mama akasema tukuache ulale, umehangaika na mti wako toka usiku. Baba akasema twendeni tu, Elisante yupo. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia, na nayo yalisomwa dhidi yako.

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika ili ujue nilivyoyabeba. Tabu ndiye aliyemkuta baba, saa sita kasoro, mwili bado una joto, chini ya mlango wako, mkono mmoja bado umeshika kitasa. Kile kichupa chake cha dawa ya kuvuta kilikuwa mfukoni, kimekwisha. Wewe ulirudi saa nane na dawa mpya mkononi, ukakuta ua umejaa watu.

Kwenye kikao, kesho yake baada ya kuzika, ulieleza vizuri. Ulisema ulitoka kabla ya saa kumi na mbili, kwa mlango wa uchochoroni, ukamuaga baba dirishani, ukamwambia unafuata dawa yake. Maduka mawili ya dawa hayakuwa nayo, ukalisubiri la tatu mpaka likafunguliwa, hapakuwa na kitu, ukazunguka mji mzima kwa miguu. Baba mkubwa akakuuliza nani alikuona ukitoka. Ukasema baba. Watu wakatazamana. Ukatoa risiti. Baba mkubwa akaigeuza mbele na nyuma, akasema ina tarehe, haina saa, na mtu anaweza kununua dawa saa saba baada ya kumaliza michezo yake. Akasema mzee hawezi kwenda kugonga mlango wa chumba kitupu.

Hapo ndipo wewe mwenyewe ulipokitaja kiberiti. Nayakumbuka maneno yako. Ulisema kinaandika kila kitu, hakimjui mtu wala hakimpendelei mtu, na dada Aneth anajua kukisoma, basi akisome mbele ya wote, waone kwamba saa tano mchana redio ilikuwa kimya. Ulikileta uani kwa mikono yako, na kile kioo chake kibovu. Nami nikanakili mistari ile kwenye karatasi ili niisome vizuri.

Elisante, mimi nilisoma kwa kukuonea fahari. Nilidhani nakuokoa. Mstari wa kwanza wa siku ile uliandikwa 08:12. Nilijua daftari lile la ndani ya kiberiti huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, maana ulinifundisha. Nikajumlisha tatu, nikapata kumi na moja na dakika kumi na mbili. Kisha nikageuza ziwe saa zetu za kuzungumza, nikatoa sita. Sauti yangu ilitoka kabla akili haijafika: saa tano na dakika kumi na mbili. Mtu wa Brazil. Saa tano na dakika ishirini na mbili, mwingine wa Brazil. Niliendelea kusoma, sikujua namna ya kuacha, mpaka saa tano na dakika arobaini.

Baba mkubwa ndiye aliyesema kwamba kumbe mtu wa Brazil unamsikia, ila baba yako aliyeko mlangoni humsikii. Neno lile lilitoka uani likafika dukani, likafika kisimani, na mpaka leo watoto wa Zuzu wakimwita mwenzao asipoitika wanamuuliza kama yuko Brazil. Hawajui lilikotoka.

Ukasema kwa nguvu kwamba hao wa Brazil uliwapata alfajiri, si saa tano. Ukanigeukia, ukaniuliza: dada, ile alfajiri uliweka saa ngapi? Nikakujibu mbele ya wote kwamba niliweka saa kumi na moja kamili, kama redio ilivyosema. Ukafungua mdomo kuuliza tena. Baba mkubwa akakukatiza, akasema hataki kusikia unamtupia dada yako mzigo na kaburi bado bichi. Uliniangalia kama mtu anayejumlisha hesabu na jibu halitoki.

Mama aliinuka. Akaingia ndani, akaitoa sahani yako ya bati kabatini, ile yenye ua la bluu, akaiweka nje ya kizingiti. Akarudi akakaa. Jioni ile ulikuwa umeshaondoka. Waya ukakatwa, kiberiti mama akakifungia kwenye sanduku lake la bati, na mwezi uliofuata akamwita fundi, mlango ule wa chumba chako ukazibwa kwa tofali. Alisema hawezi kupita pale na ndoo ya maji kila siku.

Vile vitenge ulivyotuma Krismasi alivirudisha, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kwanza alivifungua, akavikunjua vyote viwili, akavipima kwa mkono wake, kisha akavikunja upya kwa mikunjo ile ile ya dukani.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa kwanza mwaka 2023, miezi minane baada ya baba, nilikwenda posta kufungua sanduku lake kutazama kama kuna barua za pensheni. Nilikuta kadi, zile mnazotumiana kuthibitisha kwamba mmesikiana. Ni kadi ngumu, ina picha ya daraja na kanisa jeupe, na mbele ya jina lako wameandika lile jina lako la hewani. Inatoka Brazil. Mzee mmoja ameandika kwa mkono, maneno machache ambayo siyajui, na jina lake. Nyuma kuna vile visanduku ulivyowahi kunionyesha kwenye kadi nyingine: tarehe, saa ya dunia, na namba ya usikivu. Tarehe ni 17 Mei 2022. Amekusikia kwa hasi kumi na tisa, ambayo ulinifundisha kwamba ni karibu na kutosikika kabisa. Na saa ameandika 02:22.

Nilisimama pale penye kaunta nikafanya hesabu. Mbili jumlisha tatu ni tano. Tano nikitoa sita haitoki, nikalazimika kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili. Alfajiri.

Hapo nikauona mkono wangu. Mtangazaji alisema kumi na moja, na mimi nikaandika 11. Kiberiti hakihesabu saa kama sisi. Kwake alfajiri ile ilikuwa 05:00, na kumi na moja ni saa tano yetu, jua liko juu. Sekunde niliipatia kama ulivyonisifu. Saa nilizikosea sita nzima. Na kwa kuwa sekunde zilikuwa sawa, maneno yaliteremka kwenye kioo kama kawaida, na pale ambapo ungeiona saa palikuwa na ile kona nyeusi. Kwenye kikao, mbele ya watu, nilikumbuka kutoa sita. Alfajiri ile nilikuwa na tarakimu mbili tu za kujaza, na sikukumbuka. Uliponiuliza nikakujibu saa kumi na moja, na ilikuwa kweli, na kila aliyekaa pale aliisikia kuwa kweli, hata wewe.

Tena ulikuwa umeniambia mara nyingi kwamba watu wa Brazil hupotea jua likigusa mwarobaini. Niliwasoma saa tano mchana mbele ya ukoo mzima na sikujiuliza. Na baba aliposema Elisante yupo, nadhani alimaanisha yupo wa kumfuatia dawa, na kifua kilipombana alikwenda kugonga kwako akidhani umesharudi kwa uchochoroni.

Kile kicheko nilichokisikia nikiwa jikoni, nadhani ndiye huyo mzee. Dakika ishirini na mbili. Moto ulikuwa ndiyo kwanza unashika.

Hayo yote ni kosa, na kosa ningeweza kuliandika kwa mistari miwili. Ninalokiri ni lingine. Kadi ile niliipata mwezi wa kwanza mwaka 2023, na mama amefariki mwezi wa saba mwaka huu. Hesabu hiyo ni nyepesi. Miaka miwili na nusu nilijua.

Siku ile nilitoka posta karibu nikimbie. Nilimkuta mama hapa uani anachambua mlenda. Aliniuliza posta kuna nini. Nikasema hakuna. Nilijiambia kwanza apumzike, ameamka na kichwa, nitamwambia kesho. Kesho nikasema nimngoje Baba mkubwa. Baadaye ikawa Pasaka, ikawa mavuno, na kila siku niliyoiacha ipite iliongeza kitu cha kueleza. Mama alikuwa amebaki na mtoto mmoja na alikuwa anamtegemea. Alikuwa anawaambia wanawake wa kanisani kwamba Aneth ndiye aliyesimama akasoma ukweli ingawa ulimuuma. Nilikuwa nakaa pale, naitwa hivyo, nanyamaza. Na nilijiambia jambo baya zaidi, ambalo naliandika ili usije ukanihurumia. Nilijiambia kwamba wewe umeshazoea.

Kadi niliiweka ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Kila Jumapili niliimba nikiwa nimeishika.

Siku tatu kabla hajafa, mama alikuwa amelala kitanda cha dirishani, nami nampaka mafuta miguuni. Akaanza kukuzungumzia bila kuulizwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya sahani. Alisema hasira ilikwisha zamani, ila kuna jambo moja linamrudia. Alitaka kujua kama kweli hukumsikia baba kwa sababu ya zile spika za masikioni, au ulimsikia ukadhani atachoka aondoke. Alisema kama hukusikia angekuita uje. Lakini hajui, na asiyejua ataitaje. Kisha akaniuliza mimi: Aneth, wewe unaonaje, alimsikia?

Kitabu cha nyimbo kilikuwa juu ya kitanda, karibu na mkono wake.

Nilimuuliza kama anataka uji.

Alinitazama, akasema ndiyo, kidogo, usiwe mzito. Nikaenda kupika uji. Nilipika taratibu sana. Niliporudi alikuwa amelala, na siku zilizofuata hakuzungumza maneno ya kueleweka. Lile neno la jeneza alikuwa amelisema zamani, mwaka ule wa kwanza, na mimi niliyejua alivyobadilika nililiacha lisimame, kwa sababu kulibadilisha kungenibidi nieleze.

Nimekwisha kukiri. Sasa nakuambia nitakachofanya.

Jumapili ya tarehe 21 ukoo unakutana hapa kuweka msalaba wa mama. Nimemwomba Baba mkubwa awaite wale wale waliokuwepo kwenye kikao kile, na Tabu pia. Aliniuliza kuna jambo gani. Nikamwambia kuna hesabu niliikosea. Akasema hesabu za nini tena, mama amekufa. Nikamwambia ndiyo maana. Nimetoa vivuli vya kadi ile kwa ajili ya kila mzee, na nitasimama pale pale niliposimama siku ile, nitasoma 02:22, nitajumlisha mbele yao. Nitasema pia habari ya posta, na habari ya uji. Respicius atazisikia hapo kwa mara ya kwanza. Kama atanirudisha kwetu, kwetu kwenyewe ndiyo hapa, na tayari nimeshafungasha nusu.

Sikuiti uje. Sina uso wa kukuita. Ukija au usipokuja nitayasema.

Kuna wazo moja linanisumbua. Wewe ndiye mjuzi wa mambo hayo. Inawezekana ile hesabu uliipata siku nyingi huko Kolo, ukiwa juu ya bati la mtu na bisibisi mkononi, ukaona kwamba ukiisema utakuwa unamwaibisha dada yako, ukaiacha. Kama ni hivyo, usiniambie.

Kadi yenyewe iko humu ndani, ni yako. Kiberiti kiko kwenye furushi hili, nimekizungushia kile kitenge cha mama cha rangi ya udongo, na ile sahani ya ua la bluu iko chini yake. Mama hakuitupa. Nimeikuta kwenye sanduku, chini ya vyote. Kiberiti sikukiwasha. Nilitaka, nikaogopa, maana kitaamka kikidhani tuko bado kwenye kikao, mama yuko hai, na mimi sijafungua mdomo. Kiwashe wewe, na saa ukiwekee mwenyewe.

Jana nilichukua nyundo nikaanza kutoa zile tofali za mlangoni. Si kazi ya fundi cherehani, nimeumia vidole, na hizi herufi mbaya unazoziona ndiyo sababu. Zimebaki safu nne za chini. Mlango wako uko nyuma yake vile vile, haujaoza, umefungwa. Ufunguo unao wewe.

Furushi nampa kondakta wa basi la Kondoa leo asubuhi. Amesema huko Kolo anakufahamu, hana haja ya kuuliza. Tabu anakusalimu sana, na hiyo ni salamu ya kweli, ameitamka mwenyewe akiwa amesimama hapa. Wasalimie wazee wa huko wanaokuita fundi, uwaambie kwetu tunawashukuru kwa kukupokea. Funga kitambaa puani.

Ni mimi niliyekuwa dada yako, na ningependa kuendelea,

Aneth Kristofa

Nimemaliza kuandika sasa hivi, redio ya baba imelia mlio wa mwisho. Ni saa kumi na moja kamili alfajiri. Kwa kiberiti, andika 05:00.